Matembezi ya hisani kwa utafiti wa saratani na sikoseli za watoto: hesabu kwanza, fulana baadaye

Kabla ya kusaka wachangiaji, tafuteni kazi yenye bei. "Tunachangia utafiti" haimfungui mtu pochi. Nendeni kwa watafiti wa wodi ya watoto mkaombe vitu viwili: nakala ya kibali cha maadili ya utafiti (kwa Tanzania hutolewa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, au kamati ya taasisi husika) na orodha ya mahitaji. Mara nyingi kinachokwamisha ni nauli tu. Mtoto mwenye saratani ya damu asiporudi kliniki, tiba inakatika na taarifa zake zinapotea kwenye utafiti. Friji ya sampuli ya nyuzi 80 chini ya sifuri inapendeza kupigia picha, lakini ikija bila stabilaiza na jenereta, umeme ukikatika muda mrefu sampuli za miaka zinayeyuka.

Tarehe za maadhimisho zipo: 15 Februari kwa saratani ya watoto, 19 Juni kwa sikoseli, na Septemba nzima, mwezi wa utepe wa dhahabu, alama ya saratani ya watoto. Chagueni Septemba. Februari watu bado wanauguza ada za Januari. Anzeni wiki 10 kabla, na barua kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) yenye ramani ya njia ipelekwe wiki 3 kabla.

Sasa fulana, maana hapo ndipo pesa inapovujia. Tuseme watu 200 wanalipa 30,000 kila mmoja: 6,000,000. Fulana za 10,000 zinakula 2,000,000. Ambulensi, maji na vipaza sauti 1,000,000. Nusu imekwisha kabla mtu hajapiga hatua. Kwa hiyo mdhamini alipie fulana, na nembo yake ikae mgongoni. Oda ifuate orodha ya waliolipa, saizi zao zikiwa zimeandikwa. Mkikisia, XL zitagombaniwa na S zitabaki kwenye maboksi.

Ahadi si pesa. Kila kadi ya ahadi iwe na namba, na mwisho wa kulipa uwe siku chache baada ya mshahara, kabla ya matembezi. Tukio likishapita, kudai ahadi ni kazi ya kuvunja urafiki.

Lipa Namba isajiliwe kwa jina la taasisi. Mchangiaji huliona jina kabla ya kuweka PIN. Akikuta jina la mtu binafsi, wengi huishia hapo. Wengine hulipa kwa simu ya mke au ya kaka, kwa hiyo waambieni watume namba ya kadi baada ya kulipa. Mwekahazina alinganishe miamala na kadi kila jioni. Akilimbikiza wiki mbili, hatajua nani ni nani. Taslimu ihesabiwe na watu wawili, na benki wawepo watia saini wawili.

Picha za watoto ziwe na ridhaa ya mzazi kwa maandishi, na mtoto mwenyewe aulizwe. Kabla ya kurusha, kuzeni picha mkague mkono: utepe wa utambulisho wa wodini huwa na jina na namba ya faili.

Ndani ya siku 14 tumeni kwenye kundi lilelile la WhatsApp: kilichoingia, kilichotumika, makato ya miamala, na stakabadhi ya taasisi. Ahadi ambazo hazijalipwa ziandikwe jumla tu, bila majina. Wenyewe wakiiona, baadhi watalipa siku hiyohiyo.