SOMO: Kuwasoma wahusika wa mafumbo katika tendi za dini

Kila tukikutana hapa Iringa swali ni lilelile: "Fulani anawakilisha nini?" Naandika mara moja, kisha nitakuwa nawaelekeza hapa. Mfano ni kitabu cha kwanza cha *The Faerie Queene*, utenzi wa Kiingereza wa Edmund Spenser, kilichotoka 1590.

1. Soma kisa hadi mwisho, kanto (sura za utenzi) zote 12.

2. Orodhesha majina yaliyo wazi. Fidelia, Speranza na Charissa ni imani, tumaini na upendo. Hapo hapana kazi.

3. Hapa ndipo watu wanapokwama. Shujaa wa kisa ni askari Redcrosse. Mtu anaandika "Redcrosse ni utakatifu", anafunga daftari. Ukimuuliza kwa nini huyo mtakatifu anamwacha Una, ambaye ni ukweli, akafuatana na Duessa, uongo wenyewe, hana jibu. Fuata matendo yake. Silaha alizovaa ni zile za Waefeso 6. Anazivua, anastarehe na Duessa kando ya chemchemi, na papo hapo Orgoglio, jitu la kiburi, linamkuta na kumtupa gerezani. Hatoki kwa nguvu zake. Anaokolewa na mwanamfalme Arthur. Baadaye Despair, yaani Kukata Tamaa, anamsukuma ajiue kwa kumkumbusha haki ya Mungu na kuificha rehema. Una ndiye anayempokonya kisu. Jina alipewa mapema. Utakatifu anaufikia kwa kuanguka na kuinuliwa.

ONYO: usimpe mhusika maana kabla hujajua ametenda nini.
ONYO: mhusika mmoja hubeba zaidi ya maana moja.

4. Tafuta andiko lililo nyuma ya picha. Mnyama wa Duessa mwenye vichwa saba ametoka Ufunuo 17.

MASWALI

Mdau, Makambako: Mwalimu naomba maana ya wahusika wote kwa kifupi, sina muda wa kusoma.
Jibu: Hatua ya 1.

Mdau, Makambako: Basi Archimago tu.
Jibu: Mchawi, bingwa wa unafiki. Alichomfanyia Redcrosse usiku ule kasome mwenyewe.

Mdau, Tukuyu: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mkatoliki. Nimesikia Duessa ni Kanisa langu. Nimsomeje?
Jibu: Marahaba, umeuliza vema. Ndiyo, Spenser alimlenga Papa. Mwaka 1570 Pius V alikuwa amemtenga Malkia Elizabeth I na Kanisa, na mshairi alisimama upande wa malkia. Tambua hoja yake bila kulazimika kuikubali. Kisha tazama maana ile nyingine: uongo uliovaa vizuri humnasa hata mtu mwenye nia njema. Hiyo haina dhehebu. Ukifika Duessa anapovuliwa mavazi, niandikie ulichokiona.

Mdau, Njombe: Na Al-Inkishafi, ule utenzi wa Kiswahili? Hauna mashujaa wala majitu.
Jibu: Swali zuri sana. Mtunzi wake, Sayyid Abdallah, anauhoji moyo wake mwenyewe, kwa hiyo moyo ndio mhusika. Fumbo lingine ni Pate, mji wa kisiwani karibu na Lamu, ulioanguka: madaka yaliyopangwa vyombo vya kauri sasa yamelaliwa na makinda ya ndege. Hatua ya 3 inafaa hapo pia, ila badala ya matendo fuata vitu: nani alivimiliki, sasa vina nani.

Mdau, Njombe: Lugha yake ni ngumu.
Jibu: Ni Kiamu, lahaja ya Lamu. Soma kwa sauti, mizani 11 kila mshororo, pumzika baada ya mizani ya sita.