Besimenti: kipi ufanye mwenyewe, kipi umwachie fundi

Wengi wetu tulioko Marekani kwenye majimbo ya baridi, nyumba ya kwanza unayonunua inakuja na besimenti tupu, yaani ile sehemu ya nyumba iliyo chini ya ardhi, zege chini zege pembeni, na hapo ndo maswali yanaanza, nijenge mwenyewe au niite kontrakta? Mi nasema usiamue besimenti nzima kwa mpigo, igawe kazi. Kitu ambacho kikikosewa utakiona na utakirekebisha, fanya mwenyewe. Kile kinachofichwa nyuma ya ukuta, ambacho kikikosewa kinaunguza au kinafurika nyumba, mpe mwenye leseni.

Lakini kwanza maji, jamani. Kata kipande cha nailoni, kibandike sakafuni kwa tepu pande zote nne, kiache siku mbili tatu halafu kifunue. Ukikuta matone upande wa chini, unyevu unapanda kutoka kwenye zege, yakiwa upande wa juu basi ni hewa ya humo ndani na mashine ya kukausha hewa inaweza kutosha. Mvua ikinyesha toka nje kabisa uangalie gata (mifereji ya paa) zinamwaga wapi, maana mara nyingi maji ya besimenti ni maji ya paa tu yanamwagwa hapo hapo kwenye msingi, na kuunga bomba la kuyapeleka mbali ni kazi ya Jumamosi moja, huhitaji mtu. Ila ukiona ukuta umebinuka kuja ndani, au una ufa mrefu wa kulala, hapo ita injinia, na jipsamu (zile bodi za kufunika ukuta) usinunue hata moja kwanza.

Pima na radoni pia, ni gesi ya ardhini haina harufu wala rangi na inaleta saratani ya mapafu. Kipimo kinauzwa madukani, unaweka mwenyewe, ikisoma pikokyuri 4 kwa lita au zaidi unaita wataalamu wake. Na nyumba ya zamani yenye vile vigae vya inchi 9 kwa 9, usivivunje kabla havijapimwa asbesto, ile nyuzi ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu.

Sasa hili naomba mnisikilize. Ndugu akija kutoka nyumbani tunamlaza chini, au tunapangisha kile chumba, na dirisha ni kale kadogo kako juu karibu na dari. Moto ukianzia jikoni huyo mtu atatokea wapi? Kanuni zinazofuatwa sehemu nyingi zinataka dirisha la kutokea lenye uwazi wa futi za mraba 5.7, kimo kisipungue inchi 24, upana inchi 20, na kizingiti kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Na angalia, 20 kwa 24 haifikishi hiyo 5.7, lazima upande mmoja uongezeke. Kukata msingi wa zege kuweka dirisha hilo usijaribu, lipa watu.

Umeme na mabomba, miji mingi inamruhusu mwenye nyumba kuchukua kibali mwenyewe, lakini kama hujawahi kuushika umeme acha. Yeyote atakayefanya, inspekta (mkaguzi wa mji) aone waya na mabomba kabla hujafunika na jipsamu, la sivyo utabomoa.

Kubomoa vya zamani (ukishapima), fremu za mbao, rangi, sakafu ya vinili ya kubonyeza, hizo zako, ila mbao inayogusa zege iwe iliyotiwa dawa. Kufunga jipsamu nako unaweza ukiwa na mtu wa kukushikia, kazi iko kwenye kuziba viungo, mi hapo ningelipa fundi.

Ukimwita kontrakta chukua bei za watu watatu, omba karatasi ya bima, hakikisha leseni yake kwenye tovuti ya jimbo kama jimbo lenu linatoa. Hata akiwa mtu wa kwenu mnasali wote, andikishaneni, mlipe kwa hatua, na ile ya mwisho ibaki mkononi kwako mpaka inspekta asaini.