Kabla ya Kupima Kaboni na Nitrojeni kwenye Tope la Mto

Anza na vichujio, vile vitakavyonasa tope ukipitishia maji ya mto. Viwe vya nyuzi za kioo, si vya karatasi, maana karatasi yenyewe ni kaboni. Vichome kwenye tanuri la nyuzi joto 450 kwa saa nne, vipime uzito, vishike kwa kibano tu. Tenga vichache visivyopitishiwa maji ya mto: hivyo vitakuonyesha uchafu ulioingiza wewe mwenyewe.

Usichote ukingoni wala juujuu. Mchanga husafiri karibu na sakafu ya mto, na chembe laini zenye kaboni nyingi huenea hadi juu. Ukichota juu tu utapata tope pungufu lenye asilimia ya kaboni iliyozidi. Mafuriko yakianza, uwe umeshafika. Mara nyingi maji yanayopanda hubeba tope jingi kuliko yanayoshuka.

Sasa chokaa, na hapa nakusihi. Mwenzangu alikusanya sampuli za msimu mzima kwenye mto unaokatiza miamba ya chokaa. Maabara haikumuuliza, naye hakusema. Uwiano wa kaboni kwa nitrojeni ukarudi zaidi ya 30, wakati udongo kwa kawaida huwa kati ya 8 na 15 hivi. Kwa kuwa majani na miti huwa na uwiano mkubwa, akaandika sura nzima kuhusu majani na magogo yanayosombwa kutoka msituni. Kumbe ni jiwe! Kalisi kaboneti, yaani chokaa yenyewe, ina kaboni 12% ya uzito wake, kwa hiyo tope ambalo moja ya kumi yake ni chokaa hubeba kaboni ya jiwe 1.2%, na hiyo yaweza kulingana na kaboni ogania yote iliyomo, yaani ile itokanayo na viumbe. Mashine ya kupimia huchoma zote pamoja. Vichujio vilikwisha kuteketea, hapakuwa na cha kurudia, na sura ikafutwa.

Basi kata kila chujio vipande viwili. Kimoja kifukize kwa mvuke wa asidi ya hidrokloriki usiku kucha, ndani ya kikombe cha fedha, ili chokaa iondoke. Cha bati huliwa na asidi. Dolomiti, jamii ya chokaa yenye magnesi, ni kaidi, iongezee muda. Hicho ni cha kaboni. Nitrojeni ipime kwenye kipande kisichoguswa, kwani asidi huweza kuondoka na sehemu yake.

Taja kama uwiano wako ni wa uzito au wa atomi, maana hutofautiana kwa karibu 17%. Gandisha sampuli mapema, andika lebo kwa penseli. Mto ukifurika, chota kutoka darajani, mkiwa wawili, mmoja akiangalia magogo yanayoshuka.