Namna ya kuhudhuria onyesho dogo la mtunzi na gitaa lake

Katika chumba cha watu 30 hadi 90, sauti husafiri pande mbili. Wewe unasikia kidole kikiteleza juu ya uzi wa gitaa; mwimbaji naye anakusikia ukifungua zipu ya mkoba. Karibu kila jambo lililo hapa chini linatokana na hilo.

Siku mbili tatu kabla, sikiliza nyimbo 3 au 4 za msanii huku ukisoma maneno yake. Usizimalize zote. Watunzi wengi hujaribu kwenye maonyesho madogo nyimbo ambazo hawajazirekodi, na raha ya kuzisikia kwa mara ya kwanza haijirudii. Waulize pia waandaaji kama viti vina namba au anayewahi ndiye anayechagua, na kama kutakuwa na vipaza sauti. Jibu la swali hili la pili ndilo linaloamua ukae wapi.

Kama hakuna vipaza sauti, sogea karibu: mita 2 hadi 5 zinatosha. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hushuka kwa desibeli 6 hivi. Chumbani kuta huirudisha kiasi, lakini mwangwi huohuo humeza konsonanti, na bila konsonanti maneno hayasikiki vizuri. Kwa mtunzi wa mashairi, hiyo ni hasara kubwa.

Kama kuna spika, usikimbilie mstari wa mbele. Hilo ndilo kosa la wengi. Spika huwekwa pembeni mwa jukwaa, kwa hiyo anayekaa mbele kabisa, katikati, anakuwa nje ya njia yake: gitaa analisikia moja kwa moja kutoka jukwaani, ila sauti ya mwimbaji inamfikia hafifu. Chagua mstari wa tatu au wa nne, mahali ambapo umbali wako hadi kila spika unakaribiana na umbali kati ya spika zenyewe.

Kwa piano kubwa ya kulala, mpigaji huwageuzia watazamaji ubavu wake wa kulia, na kifuniko hufungukia upande wao. Ukitaka kuona mikono, kaa kushoto kwa ukumbi ukitazama jukwaa. Ukitaka sauti iliyojaa, kaa katikati au kulia kidogo. Zipo pia kumbi ambazo watunzi hukaa duara katikati ya watu na kupokezana nyimbo, mtindo uliojulikana sana kupitia Bluebird Cafe ya Nashville, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1982. Hapo lazima mmoja akupe mgongo. Uliza mapema yule uliyemfuata atakaa wapi, kisha kaa mkabala naye.

Simu: kuizima mlio hakutoshi. Simu nyingi hupiga kengele ya kuamsha hata zikiwa kimya, na simu inayotetemeka juu ya meza ya mbao huigeuza meza yote kuwa ngoma. Futa kengele, weka hali ya ndegeni, kisha itie mfukoni. Hali ya ndegeni ina faida nyingine: mawimbi ya simu huweza kuingia kwenye nyaya na kufanya spika zikorome katikati ya ubeti. Ukiruhusiwa kurekodi, punguza mwanga wa kioo hadi mwisho na usiinue mkono juu ya kichwa cha aliye mbele yako.

Pipi ya kikohozi ifunguliwe kabla ya wimbo kuanza. Kuifungua polepole hakupunguzi kelele, kunairefusha tu. Kikohozi kikikushinda, koholea kwenye kiwiko, na ukiweza subiri kibwagizo, maana hapo muziki huwa mkubwa zaidi. Kutoka na kuingia ni wakati wa makofi peke yake. Aliyechelewa asubiri mlangoni.

Makofi nayo yana wakati wake. Uzi wa chuma huendelea kulia sekunde kadhaa baada ya kupigwa, na mtunzi aliyeuacha ulie ameukusudia mlio huo. Tazama mkono: ukiachia nyuzi, au msanii akiinua uso, piga makofi. Kazi yenye sehemu kadhaa kwa kawaida hupigiwa makofi baada ya sehemu ya mwisho; ratiba itakuonyesha ni ngapi. Kuimba pamoja naye, subiri ualikwe.

Kati ya wimbo na wimbo atarekebisha nyuzi, maana chumba kikipata joto la watu nyuzi za chuma hulegea na sauti zake hushuka. Usianze mazungumzo. Mara nyingi hapo ndipo anapoeleza wimbo ulizaliwaje, na maelezo hayo huyapati kwenye rekodi.

Onyesho la sebuleni mara nyingi hulipwa kwa mchango: beba pesa taslimu, tayari kwenye bahasha. Ukinunua albamu, inunue palepale, kwa kuwa hapo fungu kubwa humfikia msanii. Usimfuate wakati anakunja nyaya. Msubiri kwenye meza ya mauzo, mtajie mstari mmoja uliokugusa, kisha mpishe wa nyuma yako. Na kama umerekodi wimbo ambao bado haujatoka, muombe ruhusa kabla ya kuuweka mtandaoni.