Somo: Tetekuwanga kwa watoto, tangu kipele cha kwanza hadi vigaga kukauka

Habari za leo ndugu zangu. Maswali ya vipele yamekuwa mengi, toka Gungu hadi Ujiji, basi tuanze.

Hatua ya 1: Mkague mtoto mwangani. Huanza na homa na uchovu, chakula hataki. Kisha vidoa vyekundu kifuani, mgongoni, usoni, hata kichwani katikati ya nywele. Baada ya saa chache vinakuwa malengelenge ya maji yanayowasha kweli kweli. Vingine vinachomoza huku vya kwanza vikikauka, kwa hiyo mvue nguo utazame: ukikuta vidoa vipya, malengelenge na vigaga pamoja sehemu ile ile, huenda ni tetekuwanga. Surua huja na macho mekundu, mafua na kikohozi, na vipele vyake havina maji.

Sisi wa Kigoma tuna la ziada. Burundi na Kongo ni majirani zetu, na Machi 2025 Wizara ya Afya ilitangaza wagonjwa wa kwanza wa mpox nchini, ugonjwa wa kirusi unaotoa vipele, zamani ukiitwa homa ya nyani. Vipele vya mpox mara nyingi ni vigumu, vimezama ndani, viko hatua moja, hutokea hata viganjani na nyayoni, na matezi huvimba. Ila kwa macho tu hata mhudumu hudanganyika. Ukitia shaka, nenda kituoni au piga 199, ni bure.

Hatua ya 2: Abaki nyumbani. Anaambukiza tangu siku 1 au 2 kabla ya vipele hadi vyote viwe vigaga, mara nyingi siku kama 5. Shule hapana, madrasa hapana, na usimbebe mgongoni kwenda kuuza dagaa Kibirizi. Mjamzito ambaye hajawahi kuugua asimuuguze.

Hatua ya 3: Homa. Paracetamol, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, isizidi mara 4 kwa saa 24. Dawa ya maji ya miligramu 120 kwa mililita 5, mtoto wa kilo 12 anapewa mililita 5. Aspirini asipewe kamwe, inaweza kumharibu ini na ubongo. Ibuprofen nayo iacheni.

Hatua ya 4: Muwasho. Aoge! Sijui nani alianzisha habari ya kumnyima maji mtoto wa tetekuwanga. Maji ya uvuguvugu, bila dodoki, kisha mkaushe taratibu kwa khanga safi. Paka losheni ya kalamini, mkate kucha. Usimpake mawese wala majivu: mawese ni ya mboga. Majivu nayo yabaki jikoni.

MASWALI

*Shikamoo dada. Duka la dawa wamenipa amoksilini, nimpe?*
Marahaba mdogo wangu. Hiki ni kirusi, amoksilini haikiui. Antibiotiki huhitajika vidonda vikiingia bakteria, na hilo aliamue aliyemwona mtoto.

*Nina watatu, mmoja anaumwa. Niwalaze wote pamoja waugue mara moja yaishe?*
Hapana mama. Kuna mtoto anayezidiwa, na hujui ni yupi. Hao wawili waangalie hadi siku 21.

*Akipona hatarudia?*
Wengi hawarudii. Ila kirusi hujificha kwenye neva, na ukubwani kinaweza kutoka kama mkanda wa jeshi. Chanjo yake ipo duniani, lakini haimo kwenye ratiba ya kawaida ya kliniki zetu. Ile ya miezi 9 na 18 ni ya surua na rubela.

*Lini nimkimbize hospitali ya Maweni?*
Akipumua kwa shida, akidegedeka, akilegea au kuyumba, shingo ikikakamaa, akitapika kila kitu au akikataa kunywa. Pia ngozi ikivimba, ikiwa ya moto na kutoa usaha, au homa ikipita siku 4. Kichanga, au mtoto mwenye VVU au utapiamlo, usisubiri dalili hizo: mpeleke siku ile ile unapoona kipele, na mwambie mhudumu mlangoni kabla hujakaa foleni na wenzako.