Kuhudumia Majeraha Madogo na Maradhi ya Kila Siku Nyumbani, na Namna ya Kujieleza kwa Daktari

Mtu akiungua kwa maji ya moto, jambo la kwanza ni kufungulia bomba, si kutafuta dawa. Maji safi ya kawaida, yenye ubaridi lakini yasiwe ya barafu, yatiririke juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20, na dakika hizo zihesabiwe kwa saa, kwa sababu anayesikia maumivu huona dakika 2 zimekuwa 20. Hata kama muda umepita, maji hayo bado yanasaidia mpaka saa 3 tangu ajali itokee. Joto haliishii juu ya ngozi; huendelea kupenya na kuunguza tabaka za chini hata baada ya chungu au birika kuondolewa, na maji yanayotiririka hulitoa kidogo kidogo. Ndiyo maana mafuta ya kupikia, siagi, dawa ya meno, unga na ute wa yai havifai hata kidogo. Vitu hivyo huzuia joto lisitoke, huingiza vijidudu kwenye kidonda, na baadaye humlazimu muuguzi kuvisafisha juu ya nyama mbichi ili aone kilichoungua, jambo ambalo ni mateso kwa mgonjwa. Barafu nayo huzidisha madhara, kwa kuwa hubana mishipa ya damu ya ngozi iliyokwisha kudhurika.

Wakati maji yanaendelea kutiririka, vua pete, bangili na saa kabla uvimbe haujaanza, lakini nguo iliyogandamana na ngozi usiibandue. Mtoto mdogo afunikwe sehemu nyingine za mwili, maana hupoteza joto upesi. Malengelenge yasitobolewe, kwani ngozi ile iliyotuna ndiyo bandeji bora kuliko zote, na maji yaliyomo ndani yake ni safi mpaka pale mtu atakapoyatoboa. Kisha funika kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, au kwa plastiki laini ya kufunikia chakula, bila kukaza. Mpeleke hospitali kila aliyeungua sehemu kubwa kuliko kiganja chake mwenyewe pamoja na vidole, aliyeungua usoni, mikononi, nyayoni, sehemu za siri au kwenye kiungo kinachokunjwa, na kila aliyeunguzwa na umeme au kemikali. Nasisitiza jambo moja ambalo huwapoteza wengi: sehemu iliyobadilika kuwa nyeupe au nyeusi na isiyouma haijanusurika. Haiumi kwa sababu mishipa ya fahamu yenyewe imeungua, na hilo ndilo jeraha baya zaidi.

Kwa jeraha la kukatwa, kazi ya kwanza ni kukandamiza. Chukua kitambaa safi, kiweke juu ya jeraha, bonyeza kwa nguvu dakika 10 mfululizo bila kuchungulia. Kuchungulia ndiko kunakoharibu, kwa sababu chini ya kitambaa damu imeanza kuganda na kuziba mdomo wa mshipa, nawe ukikiinua unabandua kile kizibo chembamba na kuanza upya. Damu ikipenya kitambaa, ongeza kingine juu yake. Ikikoma, osha jeraha kwa maji safi mengi, ngozi ya pembeni kwa sabuni, kisha funika. Spiriti isimiminwe ndani ya jeraha. Inachoma na kuua hata chembe hai zinazotakiwa kulifunga. Kama kuna kitu kimechoma na kubaki ndani, kiache kilivyo na umpeleke mgonjwa kikiwa humo humo, kwa kuwa pengine ndicho kinachozuia damu isimwagike.

Jeraha lenye midomo iliyoachana, au lililozama mpaka mafuta ya chini ya ngozi yanaonekana, linahitaji kushonwa, na linashonwa vizuri likiwa bado bichi, siku hiyo hiyo. Hata dogo la msumari lina hatari yake, maana tundu jembamba na refu lisilofikiwa na hewa ndilo makao ya vijidudu vya pepopunda. Ukiulizwa kuhusu chanjo ya pepopunda, jibu linalomsaidia mhudumu ni mwaka wa mwisho uliochomwa: kwa jeraha chafu huangaliwa kama imepita miaka 5, na kwa jeraha safi miaka 10. Katika siku zinazofuata angalia wekundu unaotambaa, joto, usaha, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, na homa. Ukitaka kujua kama wekundu unatambaa, chora mstari wa kalamu kuuzunguka leo jioni na uutazame kesho asubuhi.

Aliyeumwa na mbwa, paka au mnyama wa porini aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu na hata kama mbwa anafahamika. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu kila mara huua, lakini kuosha na kuchanjwa mapema hukizuia. Hapa hakuna nafasi ya kusubiri kuona itakuwaje.

Damu ikitoka puani, kaa wima, inamisha kichwa mbele, bana ile sehemu laini ya pua, si mfupa, kwa dakika 10 hadi 15, ukipumua kwa mdomo. Kuinua kichwa juu huipeleka damu kooni na kumtapisha mtu. Ikipita nusu saa bado inatoka, nenda hospitali. Kifundo cha mguu kilichoteguka kipumzishwe, kiwekewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20 kila baada ya saa chache, kifungwe bandeji isiyozuia damu, na kiinuliwe juu ya mto. Asiyeweza kukanyaga hatua 4 apigwe picha ya eksirei, na mtu yeyote asimkande wala kuuvuta mguu huo kabla haujatazamwa.

Aliyegonga kichwa huwa mgumu zaidi kumhukumu, kwa sababu hatari yake hujificha. Asiachwe peke yake kwa siku moja au mbili. Akitapika zaidi ya mara moja, akizidi kusinzia au kuwa mgumu kuamshwa, akiongea yasiyoeleweka, mboni za macho zikitofautiana ukubwa, akipata degedege, au maji mepesi yakimtoka puani au masikioni, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi.

Kuharisha na kutapika

Kinachoua katika kuharisha mara nyingi ni kukauka maji mwilini. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kunywesha, na kinachofaa kuliko vyote ni pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, zilizochanganywa kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Zikikosekana, chukua lita 1 ya maji safi na salama, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu kwa kisu, si vya kilima. Vipimo hivi viheshimiwe. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto, na sukari ikizidi huvuta maji zaidi kuingia tumboni na kuongeza kuharisha. Sukari ya kiasi ndiyo inayousaidia utumbo kufyonza chumvi, na maji huifuata. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, na mkubwa zaidi 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha anza tena kwa kijiko, kidogo kidogo. Kunyonyesha kusikatizwe, wala chakula kisizuiwe. Mtoto hupewa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6.

Kutambua kama mtoto amekauka maji, mlaze chali, finya ngozi ya tumbo katikati ya kitovu na ubavu kwa vidole viwili, kisha uiachie. Ngozi yenye maji ya kutosha hurudi papo hapo. Ikibaki imesimama kama mkunjo wa nguo na kurejea polepole, maji yamepungua sana. Tazama pia macho yaliyodidimia, kilio kisicho na machozi, mdomo mkavu na mkojo mchache wa rangi nzito. Mtoto wa namna hiyo, au asiyeweza kunywa, au mwenye damu kwenye choo, hapaswi kuendelea kutibiwa nyumbani.

Homa, maumivu na dawa za dukani

Homa huanza kuhesabiwa kuwa homa joto likifika nyuzi 38 za selisiasi. Mtoto wa chini ya miezi 3 akifika hapo apelekwe kwa daktari mara moja, hata kama ananyonya na kutabasamu. Kwa wengine, namba ya kipimajoto haisemi mengi kama hali ya mgonjwa: anakunywa? anakojoa? anaitika? Penye malaria, homa ipimwe damu kwanza ndipo dawa itolewe, kwa sababu kumeza dawa ya malaria kwa kubahatisha huacha ugonjwa halisi ukiendelea.

Parasetamo ni dawa salama ikipimwa, na ni sumu ya ini ikizidi. Mtu mzima humeza kidonge 1 au 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 4 hadi 6, lakini jumla isizidi vidonge 8 kwa saa 24. Mtoto hupewa kwa uzito wake, si kwa kukisia. Ajali hutokea pale mtu anapomeza vidonge vya kichwa asubuhi na dawa ya mafua jioni bila kujua kwamba hiyo ya mafua nayo ina parasetamo ndani. Soma orodha ya viambato, si jina kubwa la juu ya boksi. Aliyezidisha aende hospitali hata kama hajisikii vibaya, kwa sababu siku ya kwanza ini huweza kuharibika bila dalili, na dawa ya kuokoa hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa 8. Aspirini asipewe mtoto wala kijana wa chini ya miaka 16. Ibuprofeni iepukwe na mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, aliyekauka maji, na mjamzito, isipokuwa daktari ameruhusu.

Kuhusu antibiotiki naomba nisikilizwe kwa makini. Mafua na vikohozi vingi husababishwa na virusi, ambavyo antibiotiki haiviui. Alexander Fleming, aliyegundua antibiotiki ya penisilini mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba dozi pungufu huwafundisha vijidudu kuishinda dawa. Kumeza vidonge 3 vilivyobaki vya jirani ni kufanya jambo hilo hilo aliloonya. Kikohozi hupona chenyewe, ingawa huweza kuchukua wiki 2 au 3. Asali hukituliza, ila asipewe mtoto wa chini ya mwaka 1. Hata hivyo, kikohozi kinachozidi wiki 2, au chenye damu, jasho la usiku au kupungua uzito, kinahitaji kipimo cha kifua kikuu.

Mbele ya daktari

Muda wa kuonana na daktari ni mfupi, na wengi huupoteza kwa kuanza na jina la ugonjwa wanaoudhani badala ya kueleza wanachokisikia. "Nina taifodi" humwambia daktari kidogo sana. "Homa ilianza Jumapili usiku, inapanda kila jioni, tumbo linauma upande wa kulia chini, sijapata choo siku 3" humwambia mengi. Kabla ya kuondoka nyumbani, andika kwenye karatasi: lini ilianza, ilianzaje, ni wapi hasa, nini huzidisha na nini hupunguza, dawa ulizokwisha kumeza na saa ulizomeza, dawa zinazokudhuru, magonjwa ya kudumu, na kwa mwanamke tarehe ya hedhi ya mwisho. Miti shamba itajwe pia, bila aibu, maana baadhi huchanganyikana vibaya na dawa za hospitali. Beba maboksi ya dawa zenyewe. Na lile jambo linalokutia haya, ambalo watu hulitaja wakiwa wameshika kitasa cha mlango, liseme la kwanza. Huenda ndilo lililokuleta.

Ukiandikiwa dawa, rudia maelekezo kwa maneno yako mwenyewe mpaka mfamasia aridhike. "Mara tatu kwa siku" kwa dawa nyingi za antibiotiki maana yake ni kila baada ya saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku, si pamoja na kila mlo utakapotokea. Uliza kama dawa ni kabla au baada ya chakula, kama inalevya, na ukisahau dozi ufanye nini.

Zipo hali zisizohitaji karatasi wala miadi. Mdomo uliopinda ghafla, mkono uliolegea au ulimi mzito ni dalili za kiharusi. Maumivu ya kifua yanayobana na kusambaa mkononi au tayani, pumzi inayokatika, midomo inayovimba baada ya dawa au chakula, kichwa kilichouma ghafla kuliko siku zote, homa yenye shingo iliyokakamaa, na damu kwa mjamzito: kwa haya yote mgonjwa apelekwe chumba cha dharura mara moja, na anayempeleka akumbuke jambo moja tu la kuwaambia, yaani saa kamili dalili zilipoanza.

Kwa maradhi mengine, usitoke chumbani bila kuuliza: "Nikiona nini nirudi, na nisipopona baada ya siku ngapi?" Jibu liandikwe nyuma ya ile karatasi uliyokuja nayo, pamoja na tarehe, na karatasi iwekwe mahali zilipo dawa.