Somo: Kulinganisha pikipiki kubwa za safari kwa lami na rafu za Kanda ya Ziwa

Wengi wanaouliza kuhusu pikipiki kubwa za safari huanza na nguvu ya injini, kisha bei, na uzito huja mwishoni kabisa, pengine pikipiki ikiwa imekwisha kulipiwa. Somo hili linageuza mpangilio huo. Ninashikilia kwamba mtu anayeishi Mwanza, Sengerema, Bunda au Bukoba anapaswa kuilinganisha pikipiki kwanza na kipande kibaya kuliko vyote cha njia anayoipita, kisha na nguvu za mwili wake mwenyewe, kisha aangalie magurudumu, na nguvu farasi zisubiri hadi hayo yaishe.

Nitatumia zaidi mifano minne: Yamaha Ténéré 700 (CC 689), Honda Africa Twin CRF1100L (CC 1084), Suzuki V-Strom 1050 (CC 1037) na BMW R 1250 GS (CC 1254). Nyingine nitazitaja pale zinapofundisha jambo.

Hatua ya kwanza: Itambue njia yako

Andika kwenye karatasi safari unazozifanya kweli ndani ya mwaka, siyo zile unazotamani kuzifanya. Mkazi wa Mwanza anayekwenda Musoma kupitia Magu, Lamadi na Bunda yuko kwenye lami kwa takriban kilomita 220, na adha yake kubwa ni matuta, ng'ombe wanaovuka, na kikomo cha kilomita 50 kwa saa penye makazi. Anayekwenda Geita, Biharamulo hadi Bukoba naye yuko kwenye lami, na tangu Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lifunguliwe Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, safari yake haisubiri tena kivuko. Kwa watu hawa wawili suala la rafu ni dogo. Lakini yule anayeiacha lami Sengerema na kushuka hadi kwenye mialo ya Buchosa, au anayezunguka ndani ya Ukerewe baada ya kuvuka kutoka Kisorya hadi Rugezi, hukutana na moramu yenye makorongo, mchanga wa luseni, na mvua ikinyesha, udongo mweusi wa mbuga.

Udongo huo ndio unaoamua mengi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kulishika tairi la mbele, na wakati wa vuli na masika huteleza juu huku ukinata chini. Hung'ang'ania tairi kama ugali wa mtama kwenye mwiko, hujaza nafasi iliyopo kati ya tairi na madigadi ya mbele, na kama madigadi hiyo iko chini, gurudumu huacha kuzunguka hata injini iwe na nguvu kiasi gani. Kwa hiyo unapoikagua pikipiki yoyote, chuchumaa mbele yake uangalie nafasi hiyo, kisha uulize kama madigadi inaweza kupandishwa au kubadilishwa. Wauzaji hawalitaji jambo hili kwa sababu kwenye lami halina maana yoyote.

Hatua ya pili: Pima uzito, na upime kwa haki

Viwanda havipimi uzito kwa namna moja. Baadhi hutoa uzito wa pikipiki ikiwa imejazwa mafuta na oili, na vingine hutoa uzito wa pikipiki ikiwa kavu. KTM 1290 Super Adventure R, kwa mfano, huandikwa kilo 221 bila mafuta, lakini tangi lake la lita 23 likijazwa huongeza takriban kilo 17, na hivyo mtu anayeiweka karibu na namba za Honda bila kuuliza hudanganyika. Ukilinganisha kwa haki, pikipiki ikiwa tayari kuondoka, Ténéré 700 ya toleo la kwanza ina takriban kilo 204, Africa Twin ya gia za kawaida ya mwaka 2020 kilo 226, V-Strom 1050 ya mwaka huo huo kilo 236, na R 1250 GS kilo 249. R 1250 GS Adventure, yenye tangi la lita 30, hufika kilo 268. R 1300 GS iliyozinduliwa mwaka 2023 imepunguzwa hadi kilo 237, na kwa maoni yangu huko kupunguza uzito ndiko kunakostahili kusifiwa zaidi kuliko nguvu farasi zilizoongezwa.

Inafaa kukumbuka mahali aina hii ilikoanzia. BMW R 80 G/S ya mwaka 1980 ilikuwa na nguvu farasi 50 tu na uzito wa takriban kilo 186, na ni pikipiki ya ukoo huo, ikiwa imetayarishwa kwa mashindano, iliyompa Hubert Auriol ushindi wa Dakar, mashindano ya mbio ndefu za jangwani, mwaka 1981. Honda nayo ilileta Africa Twin ya kwanza mwaka 1988, katikati ya miaka ambayo NXR750 yake ilishinda Dakar mara nne mfululizo, kuanzia 1986 hadi 1989.

Sasa fanya jaribio lifuatalo, kwa idhini ya mwenye pikipiki. Ilazeni taratibu kwenye majani, kisha uinyanyue peke yako. Igeuzie mgongo, ukalishe makalio kwenye ukingo wa kiti, shika hendeli kwa mkono mmoja na fremu ya nyuma kwa mkono mwingine, kisha urudi nyuma kwa hatua fupi ukisukuma kwa miguu, wala usitumie kiuno. Pikipiki ikiwa imelalia upande wa kulia, teremsha kwanza stendi ya pembeni, vinginevyo itapita wima na kuangukia upande wa pili. Utagundua kwamba BMW ya injini ya boksa hailali kabisa, kwa kuwa silinda zake zilizotokeza pembeni huizuia, na hilo hurahisisha kuinyanyua. Hata hivyo silinda hizo hizo huwa za kwanza kugonga jiwe, na katika nchi yenye miamba kama yetu vyuma vya kuzikinga ni vya lazima. Ukishindwa kuinyanyua ikiwa tupu, usitarajie kuiweza ikiwa na masanduku mawili na umechoka ndani ya tope.

Hatua ya tatu: Soma magurudumu na shokapu

Africa Twin na Ténéré zina gurudumu la mbele la inchi 21, jembamba, lenye tairi la 90/90, na la nyuma la inchi 18. R 1250 GS na V-Strom 1050 ya kawaida zina inchi 19 mbele na 17 nyuma, na matairi yake ni mapana zaidi. Gurudumu kubwa huvuka shimo bila kuzama sana, na wembamba wake hukata mchanga badala ya kuelea juu yake; gurudumu la inchi 19 hugeuka kwa wepesi zaidi kwenye kona za lami na huweka mpira mwingi chini wakati wa kufunga breki. Mtu ambaye safari zake nyingi ni za lami na moramu iliyochongwa vizuri hahitaji inchi 21.

Suala la tyubu linajadiliwa sana, na mara nyingi kwa hoja za nchi nyingine. Tairi lisilo na tyubu huzibwa kwa utambi wa mpira unaosukumwa ndani ya tundu, bila kufungua gurudumu, na kwa dakika chache unaendelea na safari. Tairi lenye tyubu, kama la Ténéré, linadai gurudumu lifunguliwe, lakini fundi wa baiskeli katika kijiji chochote cha kando ya ziwa anajua kubandika kiraka. Zaidi ya hapo, pikipiki ndogo za rafu kama Yamaha DT 125 zina gurudumu la mbele la inchi 21, na tyubu yake inaweza kukuvusha siku ya shida. Kinachoniogopesha zaidi ni rimu za kuyeyushwa zisizo na spoki: zikigonga jiwe kwa nguvu hupinda au kupasuka, upepo hutoka, na hapo utambi hausaidii. Kwa anayetaka kuishi dunia zote mbili, rimu za spoki zinazokubali matairi yasiyo na tyubu ndizo bora, pamoja na tyubu moja ya akiba ndani ya sanduku.

Kwenye shokapu, angalia urefu wa mwendo wake. V-Strom 1050 ina milimita 160 mbele na nyuma, GS ina 190 na 200, Ténéré 210 na 200, na Africa Twin 230 na 220. Tofauti hiyo utaihisi kwenye tuta lisilo na alama usiku. Kumbuka pia kurekebisha springi: ukikaa na mzigo wako wote, pikipiki ishuke kwa takriban theluthi moja ya mwendo huo. Ikishuka zaidi ya hapo, shokapu itagonga mwisho kwenye kila shimo, na kosa halitakuwa la kiwanda.

Hatua ya nne: Cheni au shafti

GS na Triumph Tiger 1200 hutumia shafti, yaani mhimili wa chuma unaopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la nyuma; Africa Twin, Ténéré na V-Strom hutumia cheni. Shafti haiogopi vumbi wala tope, haihitaji kupakwa oili kila siku, na kwa safari ndefu za watu wawili ni raha kubwa. Gharama yake ni uzito na ugumu wa matengenezo, kwani ikiharibika Muleba au Chato hakuna fundi wa kando ya barabara atakayeigusa. Cheni hukuomba kazi kila siku, lakini ikikatika unaiunga kwa kiungo cha akiba. Beba kiungo cha saizi yako, kwa sababu tatu nilizozitaja hutumia cheni ya 525, na ile ya 428 inayouzwa kwa ajili ya bodaboda haiingii.

Hatua ya tano: Tangi

Chukua ujazo wa tangi, ugawanye kwa ulaji wa kiwandani wa kilomita 100, uzidishe kwa 100, kisha uhesabu asilimia 70 tu ya jibu. Ténéré yenye lita 16, kwa ulaji wa lita 4.3 kwa kilomita 100, hutoa kilomita 372, panga 260. Africa Twin ya lita 18.8 hukaribia kilomita 380, panga 265. Kwa njia za huku tangi la lita 30 ni mzigo, isipokuwa kwa anayevuka kwenda mbali sana.

Hatua ya sita: Injini na umeme wake

Ténéré ina nguvu farasi takriban 73, GS ina 136, na KTM 1290 ina 160. Zote zinatosha kuvunja sheria kabla ya kumaliza gia ya tatu. Uliza badala yake mambo mawili: je, ABS (mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge unapofunga breki) ya gurudumu la nyuma inaweza kuzimwa kwenye rafu, na je, filta ya hewa hufikiwa bila kuvua tangi? Katika vumbi la Agosti utaifungua mara nyingi.

Hukumu yangu ni hii. Kwa mtu mmoja mwenye njia mchanganyiko na mialo ndani yake, Ténéré ndiyo ya kwanza, na Africa Twin ya pili kwa yule mwenye mwili na uzoefu. Kwa watu wawili na lami ndefu, ni GS, au V-Strom kwa mwenye bajeti ndogo.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Nyakato: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mfupi, sentimita 163. Je, hizi pikipiki si zangu?

Jibu: Marahaba. Zinaweza kuwa zako. Kiti cha Ténéré kiko milimita 875 kutoka chini, lakini Africa Twin ina kiti cha chini cha hiari kinachoanzia milimita 825, na V-Strom 650 ina 835. Badilisha kiti kabla ya kufikiria kushusha shokapu, maana pikipiki iliyoshushwa itakwangua tumbo kwenye matuta. Jizoeze kusimama kwa mguu mmoja tu, ukiteleza kidogo upande mmoja wa kiti.

Mwanachama wa Bunda: Mwalimu, mimi na mume wangu tunataka kwenda Kisumu kupitia Sirari. Africa Twin au GS?

Jibu: Dada, kwa safari hiyo ningechagua GS. Uzito wa jumla unaoruhusiwa ni kilo 465, hivyo hubaki kilo 216 kwa ajili yenu na mizigo. Jumlisheni uzito wenu kwa ukweli kabla ya kujaza masanduku. Upepo wa tairi la nyuma uwe psi 42. Bebeni kadi halisi ya pikipiki na bima ya COMESA.

Mwanachama wa Ukerewe: Kaka, huku wakati mwingine tunanunua petroli ya chupa. Injini hizi zitavumilia?

Jibu: Zitavumilia ukiichuja. Tumia faneli yenye wavu mwembamba, acha chupa itulie, na usimimine sehemu ya chini, ambako maji hutuama. Usizoee kuendesha mafuta yakiwa karibu kuisha, kwa kuwa pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na mafuta yenyewe, na uchafu wote huwa chini.

Mwanachama wa Lamadi: Naweza kuingia Serengeti kwa lango la Ndabaka nikiwa na pikipiki?

Jibu: Hapana. Pikipiki haziruhusiwi ndani ya hifadhi. Iache mahali salama uingie kwa gari.

Mwanachama wa Sengerema: Africa Twin ya DCT inafaa kwenye tope la mbuga?

Jibu: DCT ni gia zinazojibadilisha zenyewe bila mkono wa klachi. Inafaa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu haizimiki ukipunguza mwendo na mkono wako wa kushoto haupati kazi ya klachi. Lakini ina takriban kilo 10 zaidi, na betri ikifa huwezi kuisukuma ikawaka. Ukiinunua, beba kifaa kidogo cha kuwashia betri, na ukijaze chaji usiku kabla ya kuondoka.